Punguzo la Anayewahi Kulipa Stima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa majirani hapa Malindi, wengi wao wapangaji wa ploti za Maweni, Muyeye, Barani na Kisumu Ndogo. Watu huniletea bili na madaftari ya mita niwasomee. Kwa miaka miwili sasa jambo linalorudi kila mwisho wa mwezi ni hili la bei mbili: bei ya aliyewahi na bei ya aliyechelewa. Nina msimamo wangu juu yake na sitauficha.

Hili punguzo la kuwahi ni kitu gani hasa?

Unaambiwa uniti moja ya stima ni shilingi 35, lakini ukilipa kufikia tarehe 5 utahesabiwa 28. Ukipita tarehe 5, hata kwa siku moja, unarudi kwenye 35. Basi, ni hilo tu. Linaitwa punguzo kwa sababu bei iliyotangulia kutajwa ni ile kubwa.

Kenya Power wanatoa punguzo kama hilo?

Hapana. Bei za stima ya nyumbani hupitishwa na EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi na petroli, na ndani yake hamna bei ya aliyewahi na bei ya aliyechelewa. Mwenye bili ya mwisho wa mwezi akichelewa, kinachomkuta ni kukatiwa stima na kulipia kuunganishwa tena.

Bei mbili tunazozungumzia hapa ni za ndani ya ploti. Mwenye nyumba ana mita moja kubwa iliyo kwa jina lake, kisha kila chumba kina mita ndogo aliyoiweka fundi wake mwenyewe. Kenya Power hawazisomi mita hizo ndogo. Anayezisoma ni mwenye nyumba au mlinzi wake, na bei ya uniti anaipanga yeye.

Sasa ubaya uko wapi? Si anayewahi ananufaika?

Tuchukue hesabu. Jirani yangu mmoja anauza barafu za ukwaju na samaki wa kukaanga, na ana friza ndogo. Kwa mwezi anatumia uniti 60. Akiwahi, 60 mara 28 ni shilingi 1,680. Akichelewa, 60 mara 35 ni shilingi 2,100. Tofauti ni shilingi 420.

Mwezi mmoja alilipa tarehe 14. Alichelewa siku tisa, akatoa 420 juu ya deni la 1,680. Hiyo ni robo nzima ya deni, kwa siku tisa.

Tulinganishe na mkopo wa simu ambao watu wote huulalamikia. M-Shwari hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ukiacha ushuru. Kwa 1,680 hiyo ni shilingi 126. Au tuseme mwenye nyumba alilazimika kukopa benki ile 1,680 ili asikatiwe, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Kwa siku tisa angelipa riba ya shilingi 6 na senti kidogo. Shilingi sita! Hiyo ndiyo hasara ya kweli ya kungojea pesa siku tisa. Yeye amechukua 420.

Ndiyo maana nasema hili si punguzo. Ni faini iliyogeuzwa jina, na kiasi chake hakina uhusiano wowote na hasara anayoipata anayedai.

Nitajuaje kama bei ya chini ni punguzo kweli au ndiyo bei yenyewe?

Hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa, kwa sababu jibu lake liko kwenye karatasi.

Mwombe mwenye nyumba bili ya mita kubwa ya mwezi huohuo. Kama mita kubwa ni ya tokeni, mwombe zile SMS za kununulia, kwani kila moja huonyesha pesa iliyotolewa, uniti zilizopatikana na makato. Chukua jumla ya pesa, kodi na tozo zote zikiwa ndani, igawanye kwa jumla ya uniti.

Mwaka jana tulifanya hivyo katika ploti moja. Bili kubwa ilikuwa ya uniti 240, na jumla yake shilingi 6,720. Gawanya: 28 kamili. Mama mmoja aliyekuwa ameshika kalamu akairudia hesabu mara tatu kwenye ukingo wa daftari, kisha akanitazama bila kusema kitu. Kumbe ile 28 waliyokuwa wakiambiwa ni hisani ya kuwahi ndiyo bei halisi ya stima. Wale wa 35 walikuwa wakitoa shilingi saba zaidi kwa kila uniti, na pesa hiyo haikuwa ikienda kulipia stima.

Kwako hesabu inaweza kuleta 31 au 26. Bei ya uniti hubadilika kila mwezi kwa sababu ya gharama ya mafuta na thamani ya shilingi, kwa hivyo usihukumu kwa mwezi mmoja. Piga miezi mitatu. Weka na taa za ngazi na pampu ya maji, maana nazo zinakula stima ya mita kubwa na lazima mtu azilipie.

Lakini mimi hulipa kwa wakati kila mwezi. Kwa nini nimbebe mvivu?

Una haki ya kuuliza, na sitaki kukujibu juujuu. Katika ploti ya mita moja, mmoja asipolipa wote hukaa gizani. Nimewahi kuona friza nne zikiyeyuka kwa ajili ya chumba kimoja. Aliyechelewa awe na sababu au asiwe nayo, samaki wa mwenzake wameoza.

Kwa hivyo sisemi anayechelewa asitozwe chochote. Nasema atozwe kinacholingana na madhara aliyoyaleta: gharama ya kumfuata na ile riba ndogo tuliyoihesabu. Na kama stima ilikatwa kwa sababu yake, alipe ada ya kuunganishwa. Hapo hujabeba mtu.

Na tusimwite mvivu kabla ya kujua. Angalia ni nani huchelewa hapa kwetu, na lini. Mvuvi anayetoka na ngalawa hapa Shela huwa na pesa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia. Kusi ikiingia kuanzia Aprili, mawimbi hupanda, vyombo vidogo hubaki vimepandishwa mchangani siku nyingi, na pesa huja kwa bahati. Mfanyakazi wa hoteli naye anayategemea majira hayohayo. Wageni hujaa Desemba hadi Machi, kisha Mei na Juni hoteli nyingi hufunga milango na watu hurudishwa nyumbani bila mshahara. Ukifungua daftari la ploti utaona kalamu nyekundu imejaa Mei, Juni na Julai, na majina ni yaleyale. Mwalimu na karani wa kaunti, ambao mishahara yao huingia benki kila mwezi, hawamo kwenye nyekundu.

Basi bei ya juu inamwangukia mwenye kipato cha kubahatisha, na ile ya chini inamfikia mwenye kipato cha uhakika. Wote wawili wametumia stima ileile.

Nimesikia nchi nyingine zimelipiga marufuku. Ni kweli?

Kwa kiasi fulani. Huko kampuni za stima zenyewe ndizo zilizokuwa zikitoa punguzo hili, tena kwa miaka mingi.

Nchini Australia, tume ya ushindani na ulinzi wa watumiaji ilitoa ripoti kubwa kuhusu bei za stima mwaka 2018. Ilikuta kwamba kati ya wateja wa nyumbani waliokuwa na punguzo lenye masharti, asilimia 27 hawakulipata kwa kushindwa kutimiza sharti. Miongoni mwa wale waliokuwa kwenye mpango wa kusaidiwa kwa sababu ya dhiki, asilimia 59 walilikosa. Soma tena hizo namba mbili. Wenye dhiki walilikosa zaidi ya mara mbili ya wenzao, na kulikosa kulimaanisha kulipa bei ya juu. Kuanzia tarehe 1 Julai 2020 kanuni mpya ikaweka mpaka: punguzo la kuwahi lisizidi gharama ya haki anayoipata muuzaji mteja akichelewa.

New Zealand serikali iliunda jopo la kupitia bei za stima mwaka 2018. Ripoti yake ya mwisho ilitolewa 2019, na moja ya mapendekezo yake ni punguzo la kuwahi lipigwe marufuku, na badala yake ada ya kuchelewa iruhusiwe mradi iwe ya kiasi. Kampuni kubwa zikaanza kuliacha.

Mimi naona busara katika njia hiyo ya New Zealand. Ukiiita ada, kila mtu anaiona na anaweza kuuliza mbona ni kubwa. Ikiitwa punguzo, anayeumia huona haya kulalamika, kwa sababu ameambiwa kosa ni lake.

Mimi nanunua tokeni. Nalipa kabla hata ya kuwasha taa. Mbona sipati punguzo?

Umeshika penyewe. Mwenye bili hutumia mwezi mzima ndipo alipe, na wewe unalipa kwanza, lakini bei ya uniti ni moja kwenu nyote. Kama kuwahi kuna thamani, hakuna anayewahi kuliko wewe.

Ila thamani yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukitanguliza shilingi 1,000 kwa mwezi mmoja, kwa riba ileile ya asilimia 15 kwa mwaka, ni kama shilingi 12. Mtu akikuahidi punguzo la asilimia 20 kwa kutanguliza pesa, jiulize hiyo nyingine inatoka wapi.

Uingereza kwa miaka wateja wa kununua kabla walilipa zaidi ya waliokatwa moja kwa moja benki, nao wengi wao walikuwa wenye kipato kidogo. Aprili 2024 msimamizi wa huko, Ofgem, alisawazisha tozo ya kila siku kati ya makundi hayo mawili. Hapa kwetu angalau bei ni moja, na jambo hilo tulitetee.

Je, hiyo tofauti ya bei ni riba?

Wazee wa msikitini wameniuliza hili kuliko vijana. Mimi si mwanachuoni, nitakueleza nilichojifunza kisha umwendee shekhe wako.

Kumpunguzia mdaiwa ili alipe kabla ya muda ni suala la zamani katika fiqhi, na wanavyuoni wamehitilafiana. Mwaka 1992, katika kikao chake cha Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipitisha kwamba kupunguza huko kunafaa mradi kusiwe kumewekewa sharti tangu mwanzo, na jambo liwe baina ya mdai na mdaiwa peke yao. Bei mbili za ploti zimewekwa tangu siku ya kuingia chumbani, kwa hivyo suala lako si jepesi. Upande wa pili, kumzidishia mdaiwa kwa sababu amechelewa ni jambo ambalo wanavyuoni wengi hawalikubali kabisa. Na aya ya 280 ya Suratul Baqara inajulikana na kila mtoto wa chuo: mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka afarijike.

Ukienda kwa shekhe, nenda na ile hesabu ya bei halisi. Jibu linaweza kutegemea ikiwa 28 ndiyo bei au 35 ndiyo bei.

Nililipa usiku wa siku ya mwisho na bado nikaandikiwa nimechelewa. Ni haki?

Mambo haya yamenikuta mwenyewe. Nilikuwa napanga chumba, siku ya mwisho ikaangukia Jumapili, na mtandao ulisumbua tangu magharibi. Nilijaribu kutuma mara nne. Ujumbe wa M-Pesa uliingia saa sita na dakika nne usiku, tarehe 6. Mwenye nyumba aliutazama, akaandika 35 kwa kalamu nyekundu. Zilikuwa dakika nne, na mwezi ule zilinitoa shilingi 315 ambazo nilikuwa nimeziweka za karo ya chuo cha mwanangu. Nilimwonyesha zile jumbe tatu za kushindikana. Akasema tarehe ni tarehe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema: tarehe ya mwisho isiyo na siku za ziada ni mtego. Siku tatu za kungojeana hazimuui mtu, na mtandao ukianguka au sikukuu ikigonga, hakuna anayeumia. Weka jumbe zote, hata za kushindikana. Usizifute.

Kuna hasara nyingine ya kuwa kwenye mita moja?

Ipo, na pengine ni kubwa kuliko hii tunayogombania.

Tangu Aprili 2023 bei za nyumbani zimepangwa kwa makundi matatu: anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wa zaidi ya 100. Wa kwanza ndiye mwenye bei ya chini kabisa, na kundi lako hutokana na wastani wa miezi mitatu. Sasa chukua vyumba vinane, kila kimoja kinatumia uniti 25: taa tatu, simu, redio na feni. Kila chumba kingekuwa na mita yake ya Kenya Power, vyote vinane vingekuwa kundi la kwanza. Lakini mita kubwa inasoma 200, na wote wanalipishwa kama nyumba ya mtu mwenye kiyoyozi.

Hapo mwenye nyumba hana kosa, ndivyo mpango ulivyo. Lakini kabla ya kugombana naye juu ya shilingi saba, kaeni naye mzungumzie kuomba mita za mbalimbali. Gharama ya kuanzia ipo, na huenda mkaigawana au mkaikata kidogo kidogo kwenye kodi. Mita ikiwa kwa jina lako, daftari la nyekundu limekwisha.

Mwenye nyumba naye ana haki gani?

Ana haki ya kulipwa. Yeye ndiye anayetanguliza tokeni za mita kubwa au anayepigiwa simu kwamba anakatiwa. Wapo wajane hapa mjini ambao vyumba vinne ndivyo vilivyowabakia, na mpangaji akihama usiku na deni la stima miezi miwili, ni chakula chao kimeondoka. Mwenye nyumba wa namna hiyo akiweka ada ya kuchelewa sitampinga, mradi aitaje wazi na aweke kiasi chenye maelezo.

Kiasi cha haki ni kipi basi?

Mimi ningesema shilingi 50 hadi 100 kwa mwezi, moja tu, isiyoongezeka kila siku, baada ya siku tatu au tano za kungojeana. Hiyo inatosha kulipia simu na miguu ya kumfuata mtu. Isiwe asilimia ya bili, kwa sababu kumfuata mwenye friza hakugharimu zaidi ya kumfuata mwenye taa moja. Na aliyetoa nusu kabla ya tarehe asihesabiwe sawa na asiyetoa kitu.

Tarehe ya mwisho iwe lini?

Iulizwe kwa wapangaji. Wa mshahara hupendelea tarehe 5, wa kibarua cha wiki hupendelea kulipa kila Ijumaa kidogo kidogo. Ploti moja ya Muyeye walihamia malipo ya kila wiki, na madeni yakapungua bila bei mbili.

Nikiona naonewa niende wapi?

Anza kwa kuzungumza, mkiwa wengi na karatasi mkononi. Mwende kwa heshima, mwambieni, "Mzee, tumeifanya hesabu hii, tuangalie pamoja." Mara nyingi hata yeye hajawahi kugawanya bili yake kwa uniti. Mkishindwana, mzee wa mtaa au chifu amesuluhisha mengi ya namna hii.

Zaidi ya hapo, Katiba, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji, kwa hivyo kuomba kuiona bili ya mita kubwa si utovu wa adabu. Kama kodi yako haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna baraza la kodi za nyumba lililoundwa na sheria kwa ajili ya wapangaji wa kiwango hicho. Na lalamiko la bei ya stima yenyewe hupokelewa na EPRA.

Unaweza kunisomea bili yangu?

Naam, karibu barazani baada ya Alasiri. Njoo na za miezi mitatu mfululizo, si moja, na picha ya mita yako ndogo iliyopigwa siku ya kusomwa, tarakimu zionekane zote. Kama mita ina utando wa buibui au kioo kimeingia ukungu, ipanguse kwanza ndipo upige. Juzi tumemhesabia mtu 8 kumbe ilikuwa 3.